Zamu Isiyopokewa

Maji ndiyo yaliyoanza kusema. Bi Sindano alikuwa amechuchumaa uani, ameitumbukiza ovaroli ya mumewe kwenye beseni kama alivyofanya miaka yote ya ndoa yake, na kabla hajaifikicha, maji yakaanza kutoa povu na kuchemka pembeni mwa nguo, chwaa, chwaa, kama mafuta yaliyotiwa kitunguu. Akatoa mikono haraka. Vidole vilikuwa vimeshapata moto.

"Loo!" akasema, akakaa chini kabisa.

Mtu wa mji mwingine angedhani ni sabuni kali. Lakini Bi Sindano alikulia ndani ya chokaa, na chokaa aliijua. Iliyokaa miezi hulala. Hunyonya unyevu wa hewa ikapoa kabisa, na hata uimwagie pipa zima haishtuki. Inayochemsha maji ni ile iliyotoka motoni leo. Na moto wenyewe haukuwepo. Tanuri lilizimwa tangu kabla ya mvua zilizopita, bomba lake la moshi limejaa viota vya ndege, na mumewe, mchoma chokaa asiye na cha kuchoma, alikuwa amekaa kizingitini nyuma yake anatazama viganja vyake.

"Baba watoto, leo ulikuwa wapi?"

"Kazini."

"Kazi gani tena?"

"Sijapokewa," mumewe akasema, akainuka akaingia ndani kulala bila kula.

Sasa ngojeni, nikiendelea hivi mtasema mama wa watu ana wazimu, au mimi ndiye mwenye wazimu. Acheni kwanza niwaeleze mji.

Mji huu ulikuwa na kilima kimoja, na kilima kilikuwa na jiwe la chokaa, basi. Waliokuwa na nguvu walililipua. Waliobaki na vidole baada ya kulipua waliliponda. Tanuri likalichoma. Mlango wa pili kulikuwa na kiwanda cha mifuko ya kutilia chokaa, nyuma yake kiwanda cha chaki za shule, na kando ya barabara kiwanda cha rangi ya kupaka nyumba. Malori ya kubeba vyote hivyo yalihitaji karakana, madereva walihitaji chakula, wasichana wa mifuko walihitaji kusukwa, na kila mwanamume alihitaji ovaroli, kwa hiyo mafundi cherehani walijipanga barabara nzima. Wakubwa wa ofisini waliuita ukanda wa viwanda, wakauwekea bango. Sisi tuliita Kilimani. Ukimuuliza mtu anafanya kazi wapi, atakwambia Kilimani, hata kama yeye anasuka nywele.

Na jamani, tulinenepa! Mtegemea nundu haachi kunona, ndivyo wazee walivyosema. Hawakusema nundu ikiliwa ikaisha huyo mnene anakuwaje. Hakuna mtoto aliyefundishwa kazi nyingine. Binti akimaliza shule, mifuko. Kijana akiota ndevu, tanuri. Bi Sindano mwenyewe alishona midomo ya mifuko tangu usichana, ndipo alipopata jina lake, na mumewe alimwona mara ya kwanza kupitia dirisha lililotenganisha viwanda viwili, yeye ana sindano, yule ana beleshi. Kwa makelele ya mle ndani huwezi kutongoza kwa mdomo, kwa hiyo alimtongoza kwa ishara za mikono za watu wa tanuri. Bi Sindano alikawia kuelewa. Alidhani anaambiwa atoke, kuna hatari.

Kisha jiwe likaisha. Siku moja wachimbaji walipiga baruti, ukatoka udongo mwekundu na maji machafu, na kesho yake vilevile. Tanuri likakosa cha kula. Mifuko ikakosa cha kubeba. Chaki, rangi, karakana, vyote vikafuatana kwenda chini kama watu walioshikana mikono kwenye utelezi. Wifi yake Bi Sindano, yaani dada wa mumewe, msusi mwenye ulimi na mkono mzito, alisema, "Nimsuke nani? Nywele za kwenda wapi?" Akacheka, akampiga wifi yake bega, pa! Hivyo ndivyo alivyo yule mwanamke. Hawezi kucheka wala kuaga bila kukupiga bega.

Lakini si kufungwa kwa viwanda kulikoleta haya. Viwanda hufungwa dunia nzima na watu hulia, huhama, husahau. Ni jinsi walivyofunga.

Watu wa tanuri walikuwa na sharti lao. Moto wa chokaa hauachwi peke yake. Ukiuacha, unapasua tanuri na walio karibu. Kwa hiyo hakuna aliyetoka mahali pake saa ilipofika tu. Alitoka mwenzake alipokuja nyuma yake, akamshika bega, akamwambia sikioni kwa nguvu, "Nimepokea." Hapo ndipo uliweka beleshi mkononi mwake ukaenda zako. Asipokuja, unabaki. Mumewe Bi Sindano aliwahi kubaki usiku kucha na homa kwa sababu mke wa mpokezi wake alikuwa anajifungua, na hakuna aliyemsifu, kwa kuwa lilikuwa jambo la kawaida.

Sasa wakubwa waliogopa ghasia. Wakaamua kufunga saa ya kubadilishana zamu, ili watu wasijumuike. Waliokuwa wakiingia wakafungiwa geti usoni. Waliokuwa ndani wakatolewa kwa mlango wa nyuma na walinzi wa kukodi, wakisukumwa migongo, mabeleshi yakitupwa chini. Wajinga wale! Kwao zamu ilikuwa saa ya ukutani. Kwa watu wa tanuri zamu ilikuwa mtu. Wale wanaume walisukumwa nje, na hakuna hata mmoja aliyeshikwa bega.

Baada ya hapo mumewe Bi Sindano alikaa nyumbani siku chache, anatembea kutoka mlangoni hadi dirishani. Kisha asubuhi moja akavaa ovaroli na mabuti akatoka. Mkewe akashukuru Mungu, akadhani amepata kibarua mahali. Hakuuliza. Mwanamume anayetafuta kazi usimchokoze. Lakini akawa anarudi amekonda zaidi ya alivyotoka, kikohozi kimerudi, hasemi. Mkononi alikuwa na alama mpya ya kuungua, nyekundu, yenye malengelenge. Na leo maji yalichemka.

"Labda kakangu ana mke mwingine mwenye tanuri lake," wifi akasema alipoelezwa, akampiga bega. Halafu akaiona ile alama ya moto kwenye mkono wa kaka yake aliyelala, na kicheko kikamkatikia. Akauliza taratibu, "Na lori la mkwe je?"

Hilo ndilo lililokuwa likimkaba Bi Sindano. Mume wa binti yao alikuwa amempatia mzee kazi kwenye kiwanda cha matofali, mbali, mji wenye kazi za kila namna. Lori lilikuwa linakuja Jumamosi kuwachukua, wao na vyombo vyao, na wifi pia alikuwa ameshafunga mizigo yake. Kila Bi Sindano alipomwambia mumewe habari ya lori, jibu lilikuwa lile lile. Sijapokewa. Na mwili wake ulikuwa unaisha mbele ya macho. Asipotoka Jumamosi hatatoka tena, hilo mkewe alilijua bila kuambiwa na daktari.

Asubuhi ya Alhamisi akamfuata.

Kitu cha kwanza kilichomsimamisha nywele kilikuwa barabarani. Milango ilifunguka upande huu na upande ule kwa pamoja, na wanaume wakatoka na ovaroli zao. Hakuna aliyemsalimu mwenzake. Mji ule! Mji ambao salamu peke yake inaweza kukuchelewesha sokoni, unaulizwa ya nyumbani, ya watoto, ya mguu wako uliouma mwaka juzi. Walipita kimya kama wamebeba jeneza. Hata mbwa hawakubweka.

Getini mlinzi mzee alikuwa amekaa kwenye kiti chake kisicho na mgongo. Kampuni iliyomwajiri ilikuwa imeshafutika, bango limeng'olewa, king'ora kimeuzwa chuma chakavu.

"Shikamoo mzee. Na wewe umebaki kwa nani?"

"Marahaba, binti yangu. Mwenzangu wa zamu ya pili hajafika," mlinzi akasema, na macho yake yakaenda barabarani, kumtafuta.

Ndani kulikuwa na mwanga wa kutosha, maana mabati nusu yalikuwa yameibwa. Mashine zote hazikuwepo. Zilibaki tu zile sakafu za zege zilizoinuka, na vyuma vyake vya kufungia vikitokeza. Na kwenye kila sakafu alisimama mtu. Mmoja alikuwa anazungusha usukani ambao haupo. Mmoja anasukuma toroli, mikono imekunjwa kushika hewa, mgongo umepinda kwa uzito. Wale wa kinu cha kupondea mawe walikuwa wanapeana ishara: ongeza, punguza, ngoja. Kimya. Unasikia viatu tu kwenye vumbi, na pumzi zao, zote zikienda pamoja. Vumbi lilipanda kwa miguu yao likawakalia vichwani.

Mumewe alikuwa mbele ya mdomo wa tanuri. Mlango wake ulikuwa wazi, ndani giza na kinyesi cha popo. Alikuwa anachota na kutupa, anachota na kutupa, mikono mitupu, na kila alipotupa aligeuza uso pembeni jinsi watu wanavyoukwepa mwako. Jasho lilimtiririka. Bi Sindano akamshika mkono wa ovaroli akavuta. Alikuwa kama anavuta ukuta. Akamwita kwa jina la utani wa uchumba wao, jina ambalo sitawaambia kwa sababu si lenu. Mumewe akamtazama, lakini alimtazama mtu aliye nyuma yake, mbali, ambaye bado hajaja. Kisha akainua kiganja akakigeuza chini. Ishara ya tanuri. Bado.

Alirudi nyumbani mbio, kiatu kimoja mkononi, na akampigia simu mpokezi.

Mpokezi ni yule aliyekuwa akimpokea mumewe miaka yote, kijana mwenye maungo makubwa aliyehama mara tu geti lilipofungwa, sasa anauza viatu vya mitumba mjini. Wifi alikuwa amekaa kitandani akisikiliza, simu imefunguliwa sauti.

"Shemeji yangu, njoo umpokee mwenzako," Bi Sindano akasema. "Dakika moja tu. Umshike bega useme neno lenyewe, basi. Nauli nitaomba kwa mkwe."

Kwenye simu ikasikika mitumba ikinadiwa.

"Shemeji, nilishakuja," sauti ikasema. "Nilifika mpaka getini. Nikasikia linanguruma. Tanuri baridi, shemeji, limezimwa mbele ya macho yangu, na ninalisikia linanguruma kunisubiri. Nikarudi nilikotoka. Nisamehe. Mimi nina watoto wadogo."

"Linakusubiri kwa nini?"

"Aa, shemeji, na wewe unajua. Anayepokea hatoki mpaka apokewe. Mimi atakuja nani kunipokea? Mji umeisha watu." Akavuta pumzi. "Mwambie... Hapana, usimwambie kitu. Lala salama."

Ilikuwa saa sita mchana aliposema lala salama.

Wifi alimtazama Bi Sindano na hakupenda alichokiona. "Usithubutu," akasema. "Wifi, nakwambia mimi, usithubutu. Huyo ni kakangu, tumenyonya ziwa moja, lakini usithubutu."

"Nimesema nini? Sijasema kitu," Bi Sindano akajibu, akainuka kuchambua mchele.

Ijumaa aliamka, akafagia uwanja, akawapa mbuzi majani, akapika. Akavaa nguo ya kazi aliyokuwa akishonea mifuko. Nadhani alifikiri mengi, lakini mimi naweza kusema moja tu, kwa kuwa alilisema mwenyewe baadaye: alifikiri kwamba yeye angalau anajua anachokipokea, na mumewe hakujua alichoachiwa. Tena alikuwa na hasira. Hasira ya wale wa ofisini waliowasukuma watu migongo kama ng'ombe na wasijue hata wamefanya nini. Alimpenda mumewe. Basi tu, alimpenda, na kesho ilikuwa Jumamosi.

Mlinzi hakumzuia. Alipita kati ya wale wanaume wanaofanya kazi na hewa, akafika nyuma ya mumewe, akainua mkono. Akamshika bega.

Likaja lote kwa mara moja. Ngurumo ilimpiga kifuani, sakafu ikatikisika chini ya ndala zake, mdomo wa tanuri ukawaka mweupe mpaka akafumba macho, na nyusi zake akazisikia zikinuka. Kinu kilikuwa kinaponda. Mahali fulani nyuma ya ukuta cherehani za mifuko zilikuwa zinalia, na alizijua moja moja, na ile yake ilikuwa kimya, inasubiri. Akasogeza mdomo sikioni pa mumewe akapiga kelele kwa nguvu zake zote.

"Nimepokea!"

Mikono ya Bi Sindano ikashuka kwa uzito. Beleshi.

Kisha kukawa kimya tena, mabati yakipigwa na upepo, na mumewe alikuwa amegeuka anamtazama. Yeye mwenyewe, si mtu wa nyuma yake. Akapangusa vumbi machoni.

"We mwanamke, unatafuta nini huku na ndala?" akasema. "Ukitobolewa na msumari je? Na njaa hii inaniuma hivi, nyumbani kuna nini?"

Bi Sindano alitaka kulia na kucheka. "Chakula kipo mezani, kimefunikwa. Tangulia."

"Twende wote."

"Tangulia, nimeangusha hereni. Nikiipata nakuja."

Mumewe akaondoka. Alipita katikati ya wenzake bila kuwaona, anapiga mluzi, na mluzi ukaenda mpaka getini, ukaenda barabarani, ukapotea. Bi Sindano akajaribu kuinua mguu amfuate. Akajaribu na wa pili. Kisha akageukia ule mdomo mweusi wa tanuri, akapinda mgongo, akachota.

Jioni, zamu ilipokatika, miguu ilimruhusu kwenda nyumbani kama inavyowaruhusu wengine, hadi asubuhi tu. Alifua nguo yake mwenyewe nyuma ya choo ili mumewe asiyasikie maji.

Lori lilifika Jumamosi asubuhi na mapema. Mumewe alikuwa amelala usingizi wa mtoto, amekula sahani mbili, anatania kila mtu. Alibeba kitanda peke yake akakipandisha. Alipoambiwa kwamba mkewe atabaki nyuma kidogo, auze mbuzi na kukabidhi nyumba, alikunja uso. "Mbuzi gani hao wa kututenganisha? Njoo hapa." Akamsogelea. Bi Sindano akarudi nyuma, akalizunguka beseni, likawa katikati yao. Alijua kwamba akimwambia ukweli, yule mwanamume atamshika bega pale pale bila kufikiri mara mbili, na kazi yote itakuwa bure.

"Nenda bwana, usinichafulie nguo," akasema. "Msalimie binti. Mwambie mjukuu wangu bibi anakuja."

"Usikawie."

"Nikawie nifanye nini huku?"

Mumewe akapanda mbele na dereva. Wifi alikuwa wa mwisho. Alikuja na kifurushi chake kichwani, na mdomo tayari una neno la kuchekesha, maana hajui kuaga vingine. "Wifi, usije ukaolewa na mlinzi huku," akaanza, akacheka, na mkono wake ukapaa kama kawaida yake kwenda begani.

Bi Sindano hakusogea. Hakuomba, hilo nataka mlijue. Lakini bega lake liliinama lenyewe kuelekea ule mkono, kidogo tu, na macho yake yalikuwa macho ya mtu aliyeonyeshwa maji.

Wifi akaona weupe wa chokaa kwenye mshono wa ukosi. Akaona nyusi zilizoungua. Mkono ukasimama hewani. Uso wa msusi ukabadilika mara nyingi, na machozi yakamtoka. Kisha akaurudisha mkono, akaubana kwapani kama mtu anayesikia baridi.

"Haya, wifi," akasema. "Kazi njema."

"Asante, wifi. Mfike salama."

Lori likapiga honi, likapinda kona ya mafundi cherehani. Milango ya jirani ilikuwa inafunguka, huku na huku, kwa pamoja. Bi Sindano akaingia ndani kutafuta mabuti ya mumewe, akayajaza matambara ili yamkae, akatoka akafunga mlango.